Mguu Kwenye Klachi

Mguu wangu wa kushoto ndio uliokuwa umemshikilia mume wangu duniani. Ulikuwa umekandamiza pedali ya klachi mpaka chini, paja likitetemeka, na mbele yangu, kati ya pua ya trekta na ukuta wa banda, yeye alikuwa amebanwa nyonga, mikono juu ya boneti, mdomo wazi. Alikuwa anapiga kelele lakini sikumsikia. Injini ilikuwa imepanda sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, na bomba la moshi lilikuwa linatema weusi mtupu hadi mabati ya banda hayaonekani. Vioo vya dirisha la jikoni vilikuwa vinatetemeka. Nilijua kitu kimoja tu: nikiinua mguu, anakufa.

Trekta lilikuwa la baba yangu. Dogo, jekundu enzi zake, la kuvuta plau ya sahani mbili na kuhema. Baba ndiye aliyenifundisha kuliendesha, na alipokaribia kufa aliniachia mimi, si kaka yangu, kwa sababu, alisema, kaka alikuwa anakanyaga mafuta kama anayeua mende. Nikaolewa nikaja nalo. Watu walicheka kwamba wenzangu huja na masufuria, mimi nimekuja na magurudumu manne na harufu ya dizeli.

Mume wangu watu walimwita Buldoza, naye alilipenda jina hilo. Mwaka wa kwanza wa ndoa alisema "trekta lako". Mwaka wa pili likawa "trekta letu". Mwaka wa tatu likawa lake, na kosa la kuwa dogo likawa langu. Alikuwa mtu wa kupiga kitu kinachokataa. Mlango ukikwama aliupiga teke, redio ikikoroma aliizaba kofi, na mimi nikijibu nilipata changu. Nilizoea kukaa upande wa meza ulio karibu na mlango.

Msimu ule kimbelembele kilimponza. Alisimama mbele za watu akaahidi kulima shamba la bondeni, udongo mweusi unaonata, kazi ya sahani tatu. Jirani mwenye trekta kubwa alimcheka hadharani, akamshauri akatafute punda wa kumsaidia. Akarudi nyumbani amevimba. Tangu hapo ikawa nguvu, nguvu, nguvu. Akaning'iniza vipande vya zege mbele ili trekta lisiinue pua. Akajaza maji kwenye matairi ya nyuma. Akang'oa chujio la hewa akalitupa jalalani, eti lipumue vizuri. Pakabaki bomba tupu limechomoza juu ya boneti. Hayo yote niliyavumilia. Halafu akaikodolea macho pampu ya dizeli.

Kwenye pampu kulikuwa na skrubu ya kupimia mafuta, imefungwa kwa waya na lakiri ya risasi, muhuri wa kiwandani wa kuzuia isiguswe. Ukiikaza, injini inakunywa zaidi na inavuta zaidi, kwa muda. Baba aliniambia kwamba ndani humo mna springi na vyuma vidogo vinavyoizuia injini isijikimbilie, na asiyejua akivichokonoa ataokota injini yake vipandevipande. Nilimweleza mume wangu. Nikamweleza tena. Asubuhi ile nikasimama mbele ya trekta nikamwambia hakati lakiri ya baba yangu. Alinipiga teke la buti kwenye paja la kushoto, nikaangukia matofali, meno yakauma ulimi, na nikiwa pale chini niliona koleo likikata ule waya.

"Panda," aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, utadhani tulikuwa tumemaliza kunywa chai. "Washa, na usiguse kitu mpaka nikuambie."

Nikapanda. Usiniulize kwa nini. Mtu aliyetoka kupigwa teke haitishi kikao. Trekta lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, likitazama ukuta, na gia ya kwanza ilikuwa imeuma, kawaida yake likisimama hivyo: mpaka ulirudishe nyuma kidogo ndipo leva ya gia inalegea. Nikakanyaga klachi na breki, nikawasha. Yeye akaingia pale mbele, mgongo kwenye ukuta, akainamia upande wa pampu.

Akaikaza skrubu. Injini ikanguruma kwa raha, naye akatabasamu. Lile tabasamu nalikumbuka hadi leo. Lakini Buldoza hakujua kutosheka. Akafungua kifuniko cha gavana, kile kizuia kasi alichonionya baba, akaingiza bisibisi, akavuta springi. Kitu kikakatika ndani. Injini ikapaa. Klachi yetu ilikuwa imechoka siku nyingi, ilikuwa haiachii yote, na kwa kasi ile ikashika kidogo. Kidogo hicho kilitosha. Trekta likaruka mbele na mazege yake, likambana.

Nilisikia mfupa. Haikuwa sauti kubwa, lakini niliisikia ndani ya kelele zote zile. Nikakandamiza miguu yote miwili mpaka nikawa nimesimama juu ya pedali, na trekta likatulia, likimsukuma na kumsukuma bila kusonga. Nikavuta waya wa kuzimia. Ukaja mkononi mlegevu, hauna kazi. Leva ya gia haikutikisika. Paja la teke likaanza kuwaka moto.

Nisijifanye malaika. Nilimchukia. Niliutazama uso wake uliogeuka rangi na nikawaza jinsi ilivyo rahisi: kuchoka tu. Hakuna ambaye angenilaumu kwa kuchoka. Kilichonizuia hakikuwa huruma. Nilikataa trekta la baba yangu liue mtu.

Hapo ndipo mama mkwe alipotoka jikoni na mchi.

Aliona alichokiona: mwanawe amebanwa ukutani, mimi nimeshika usukani. Akanipiga mgongoni. Akanipiga begani, akanikamata nywele, akanivuta. "Shuka, muuaji wewe, shuka!" Nilijaribu kumwambia kwamba nikishuka ndiyo atakufa, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu na sijui alisikia nini. Pigo lililofuata lilinipata sikioni na banda zima likalala upande. Nikaukumbatia usukani. Mguu sikuutoa.

"Mama, mwache!" Ilikuwa sauti ya mume wangu, imepita juu ya injini, shingo imemtoka mishipa. "Mwache. Huyo ndiye aliyenishika."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitetea mbele ya mtu yeyote. Mama mkwe akashusha mchi, akaitazama miguu yangu juu ya pedali, akaelewa. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Nikamwonyesha mume wangu bomba la hewa kwa kidole. Lilikuwa mbele ya kifua chake, wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameling'oa chujio. Injini bila hewa ni chuma tu. "Lizibe," nikasema polepole ili asome midomo yangu. "Kwa mkono. Lizibe." Miaka yote ile hakuwahi kufanya kitu kwa sababu mimi nimekisema. Akanitazama. Akaweka kiganja juu ya bomba. Likamfyonza. Niliuona mkono ukivutwa ndani, ngozi ikichanika, damu ikitapakaa kwenye boneti, yeye akilia machozi. Akaongeza mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Injini ikakohoa, ikajitikisa, ikazimika.

Majirani walilitingisha trekta mpaka gia ikaachia, wakalisukuma nyuma, wakamchukua.

Alilala hospitali mpaka msimu ukaisha. Nilikwenda kumwona, nikampelekea chakula, nikamfulia. Kila muuguzi alikuwa ameshasimuliwa: mke wangu aliniokoa. Alikisimulia vizuri hicho kisa, mkono umefungwa bandeji, na wagonjwa wenzake walininyanyukia kwa heshima. Teke hakulitaja. Nadhani kweli alikuwa amelisahau, na hilo liliniuma kuliko teke lenyewe.

Fundi wa pampu alirudisha kila kitu mahali pake na kufunga lakiri mpya. Shamba la bondeni alililima yule jirani. Mimi nilichukua mashamba madogo, sahani mbili, mdogomdogo, na kazi sikukosa.

Siku aliyorudi kwa magongo alinikuta nimeshapanda trekta, plau imefungwa nyuma, begi langu juu ya plau. Mama mkwe ndiye aliyenifungulia geti. Alilishikilia tu lisijifunge.

Nilitoka kwa gia ndogo kwa sababu ya mashimo, na kwa gia ndogo mtu wa magongo anaweza kwenda sambamba na trekta lile. Akaja nalo. Alisema amebadilika. Alisema hatainua mkono tena, na nadhani mwenyewe aliamini. Jasho lilikuwa linamtoka na nilimwonea huruma, ile huruma iliyonikosa siku ile. Mwisho akasema lililokuwa linamkereketa.

"Si uliniokoa mwenyewe? Unamwokoaje mtu halafu unamwacha?"

"Nilikushika ulipokuwa huwezi kusogea," nikamwambia. "Sasa unatembea."

Magongo yakagonga mawe hatua chache. Halafu akaanza tena kuongea. Mashimo yalikuwa yameisha. Nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya juu.