Nakala ya Mia na Kumi na Tatu

Jumamosi hiyo Shangazi alikuwa akipiga pasi mashati ya mumewe, na kama kawaida yake mkono ukienda na mdomo unaenda. Alikuwa akimsimulia kisa cha mwenye duka la viatu aliyejifungia stoo na ufunguo akauacha nje. Saa mbili na robo asubuhi, kabla hajafika pale mwenye duka anapoanza kupiga kelele, sauti yake ilikatika. Midomo iliendelea kidogo, kisha nayo ikatulia. Shangazi alimalizia kola, akachomoa pasi ukutani, akakaa.

"Ehe," alisema mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mzee. "Halafu ikawaje?"

Mzee alikuwa haoni. Macho yalizimika miaka kumi na mmoja nyuma, na tangu hapo aliishi kwa kuongozwa na mdomo wa mkewe: kikombe kiko kulia, ngazi mbili mbele, huo mto si paka. Watu walimwonea huruma, lakini yeye alisema ameoa redio isiyokula betri. Sasa alikaa akisubiri mwisho wa kisa, shati moja limevaliwa mkono mmoja.

Wakati huohuo, ng'ambo ya mji, mpwa wa Shangazi alikuwa kwenye foleni mbele ya duka la santuri. Huyu alikuwa fundi miwani, mtu wa mikono safi na maneno machache, na alikuwa wa mia na kumi na tatu katika foleni. Duka lilifunguliwa saa mbili. Nakala zilikuwa mia tatu, kila moja ina namba yake, na kampuni ilikuwa imeapa kwamba hazitachapwa tena. Ndani yake mlikuwa na nyimbo alizoziimba Shangazi miaka arobaini iliyopita, alipokuwa msichana wa bendi kwenye ukumbi wa karibu na stesheni. Saa nne kasoro robo zote zilikuwa zimekwisha. Fundi aliikumbatia nakala yake kifuani akaenda moja kwa moja kumwonyesha mwenye nyimbo.

Shangazi aliitazama picha yake ya usichana kwenye jalada, akatabasamu, halafu akaandika pembeni mwa gazeti: Sauti imekatika saa mbili na robo.

"Mafua hayo," alisema Fundi. "Kunywa maji ya moto." Kisha akamwomba asiiguse nailoni iliyoifunga santuri, kwa sababu alama za vidole hazitoki.

Ni lazima tuseme ukweli juu ya Fundi. Alimpenda Shangazi. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, na wimbo wa kwanza anaoukumbuka maishani aliusikia kwa mdomo wa mwanamke huyu akifua mashuka. Lakini santuri nazo alizipenda, tena kwa upendo wa namna yake. Katika chumba cha nyuma cha duka lake la miwani alikuwa na themanini na sita, zote matoleo maalumu, zote zimefungwa kwenye nailoni kama zilivyotoka kiwandani. Rafu aliitundikia pazia ili jua lisipaushe majalada. Akitaka kusikiliza muziki alifungua redio.

Jumatatu, maji ya moto yaliposhindwa, alikwenda ofisi za kampuni ya santuri. Karani alimsikiliza huku akichonga penseli, akavuta faili, akalifungua.

"Hapa hakuna kosa," karani alisema. "Toleo la kawaida halina shida, tunachapa tu. Lakini tukishatangaza idadi, kitu lazima kiwe adimu kweli, la sivyo tutakuwa tunawadanganya wateja. Siku ina dakika elfu moja mia nne na arobaini. Gawa kwa mia tatu."

"Dakika nne na sekunde arobaini na nane," alisema Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa hesabu za lenzi.

"Hiyo ndiyo sauti iliyomo katika kila nakala. Namba moja inaanzia saa kumi na mbili kamili asubuhi, namba mbili inafuata, hivyohivyo mpaka siku inazunguka. Mwenye nakala akiipiga, kipande hicho cha siku kinarudi kwa mama na santuri inabaki laini. Yote yako ukurasa wa pili."

Fundi aliukumbuka mkataba. Yeye ndiye aliyemsomea Shangazi, siku ambayo miwani yake ya kusomea ilikuwa dukani inabadilishwa lenzi. Ukurasa wa kwanza ulieleza uzito wa santuri, ubora wa karatasi ya jalada, na namba zitakazopigwa mhuri wa rangi ya dhahabu, naye aliusoma wote kwa sauti, mara mbili. Ukurasa wa pili aliupitisha macho akitafuta idadi ya nakala. Alipoiona mia tatu moyo ukamruka, akasema, "Tia sahihi, Shangazi, hapa hakuna neno."

"Watu wengi huuruka huo," karani alisema, akarudisha faili.

Sasa mtu angedhani Fundi alikimbia nyumbani akaichana nailoni siku hiyohiyo. Wapi! Ilikaa wiki tatu. Alipiga hesabu ya nakala yake: namba mia na kumi na tatu ilimiliki dakika mbili na nusu hivi kabla ya saa tisa mchana, na dakika mbili na nusu hivi baada yake. Alijiambia kwamba muda huo ni mdogo mno kumfaa mtu. Alijiambia pia kwamba pale ndani ya nailoni sauti ya Shangazi iko salama, haipati vumbi wala mikwaruzo, haizeeki. Usiku alilala vizuri, na hilo lilimuudhi.

Kwa Shangazi mambo yalikuwa mengine. Alijaribu kumwongoza Mzee kwa kugonga kijiko mezani, lakini kijiko ni kijiko, hakisemi kiko mkononi mwa nani. Mzee aliungua kiganja kwenye birika. Alikalia miwani ya mkewe. Kila aliposikia hatua aliuliza, "Ni wewe?" na Shangazi akawa hana jibu ila kuuchukua mkono wake na kuuweka usoni pake, ili apapase pua aitambue.

Jumapili ya tatu Fundi alikwenda kwenye kikao cha Chama cha Wapenda Santuri. Chama kilikutana kwenye chumba cha kungojea cha daktari wa meno, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti na ndiye aliyetoa glavu. Kila mwanachama alikuja na toleo lake jipya, akavaa glavu, wakapokezana, wakanusa kingo, wakasoma namba. Hakuna aliyepiga kitu. Gramafoni ya chama ilikuwepo pembeni, na juu yake paliwekwa magazeti ya wagonjwa.

"Hawa watu wa kampuni wanatufanya wajinga," alisema Daktari. "Mwezi huu toleo la bluu, mwezi ujao la kijani, nyimbo zilezile! Ni wizi mtupu."

"Wewe ulichukua ipi?" aliuliza dada mmoja wa posta.

"Zote mbili," alisema Daktari kwa uchungu.

Wakacheka, maana walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Ndipo Fundi akaeleza habari ya Shangazi. Hakuna aliyeshangaa. Baadhi walikuwa wameshausikia ukurasa wa pili. Dada wa posta hata alijua kipande chake kinaangukia wapi.

"Mimi nina namba mia mbili na kumi," alisema. "Hiyo ni kama saa tano kasoro usiku. Wazee wako si wamelala? Nikiifungua itakuwa hasara bila faida. Ningekuwa na saa ya maana, wallahi ningeifungua."

Fundi alimgeukia Daktari, ambaye alikuwa na namba nne. Namba nne ilikuwa robo saa baada ya saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambao Mzee huamka na kuanza kutafuta viatu.

Macho ya Daktari yalilengwa na machozi, tena ya kweli. "Ndugu yangu, mimi nampenda shangazi yako. Nilicheza nyimbo zake kwenye harusi yangu. Ndiyo maana siwezi. Hii ni namba nne! Ikishafunguliwa haifungiki tena." Akavua glavu moja ili apenge kamasi.

Fundi akarudi kupitia kwa Shangazi. Alimkuta Mzee peke yake barazani, shati limefungwa vifungo kombo. Shangazi alikuwa palepale, hatua tatu nyuma yake, anapepeta mchele.

"Mwanangu," Mzee alisema kwa sauti ya chini, "niambie kweli. Mafua gani haya ya wiki tatu? Shangazi yako ana hasira na mimi, au ameshaondoka mmeniwekea mtu mwingine?"

Ungo ulisimama hewani. Fundi alimtazama Shangazi, na Shangazi akatazama mchele.

Kesho yake asubuhi Fundi alifika na gramafoni begani na nakala yake kwapani. Aliichana nailoni kwa kisu kile chembamba cha kukatia fremu. Harufu ya jalada ilipanda, naye akaivuta yote. Akaweka sindano.

Sauti ya Shangazi mwenye miaka ishirini na miwili ikajaa nyumba. Mzee aliinuka bila fimbo. "Huyo hapo!" alisema. "Huyo hapo mke wangu!" Akavuka chumba akaenda mpaka kwenye gramafoni, akaipapasa, akalikumbatia sanduku lake la mbao. Shangazi alisimama mlangoni na ungo wake akiwaangalia. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Fundi aliinyanyua santuri, akaiona imekuwa laini pande zote, haina hata mstari mmoja.

Saa tano hakuna kilichotokea, wala saa saba. Saa tisa ilipokaribia, bado dakika mbili na nusu hivi, Shangazi alifungua mdomo.

"Toa kiwiko kwenye chai," alimwambia mumewe. "Basi yule mwenye duka la viatu akaanza kupiga kelele, na mtu pekee aliyekuwa karibu ni mdai wake."

Mzee alicheka mpaka kikombe kikamwagika. Akaambiwa kitambaa kiko wapi, shati lake lina rangi gani, na ile hodi ya Ijumaa ilikuwa ya nani. Kisha, zikiwa zimebaki sekunde chache, Shangazi alimgeukia Fundi.

"Na wewe," alisema, "uliruka ukurasa wa pili. Nilikuona ukiu—"

Hapo muda ukaisha. Fundi alikaa na sentensi hiyo kutwa nzima. Kesho yake alifika mapema, akiwa tayari kusikia iliyobaki, lakini Shangazi hakuwa na sekunde za kupoteza kwake.

Utaratibu ukawa huo. Mzee aliacha kulala mchana. Kufika saa nane na nusu alikuwa ameshaoga na kuvaa, amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini. Baada ya kipande chao alirudi kwenye giza lake na kijiko chake, akingoja kesho. "Nina mke wa saa tisa," aliwaambia majirani, "na wengine hawana hata huyo."

Fundi alidhani chama kikiona kitaguswa, na kweli kiliguswa. Jumapili iliyofuata walimpigia makofi wamesimama. Kisha Daktari akatangaza kwamba, kwa kitendo hicho cha kiungwana, nakala zilizobaki sasa ni mia mbili tisini na tisa, yaani zimekuwa adimu zaidi, na haingekuwa busara kuendelea kuzipunguza. Akaomba pia, kama Fundi hana kazi nayo, ile santuri laini aichukue yeye, kwa kuwa ndiyo pekee ya aina yake duniani. Fundi akakataa. Njiani kurudi alijikuta amejaa fahari kwamba anayo, akaona haya, ila fahari haikuondoka.

Siku moja ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana, mzee mmoja mrefu aliingia dukani kwake. Hakusalimu kwa mdomo, aliinamisha kichwa na kutoa kikaratasi: Karibu naona. Mbali sioni. Fundi akamkalisha kitini na kumwelekeza kwenye ubao wa herufi. Wateja wote huzisoma kwa sauti. Huyu alizichora hewani kwa kidole, moja moja, kwa uangalifu.

Fundi alimnyanyua kidevu amvalishe fremu ya majaribio, na kidevu kile akakijua. Kilikuwa kwenye jalada la kijani, rafu ya tatu chumba cha nyuma, toleo la nakala mia mbili, ya kwake namba kumi na saba. Hakuwahi kuifungua.

Alibadilisha lenzi, akaongeza nguvu, akaongeza tena. "Hapo vipi?"

Yule mzee alitazama ubao. Kisha macho yake yakahamia kando, yakapita mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi, yakasafiri mpaka kwenye rafu, yakatulia. Akainua kidole chake polepole akakielekeza huko.

"Vizuri sana," alisema Fundi, akaandika vipimo. "Mbali sasa unaona. Miwani itakuwa tayari Alhamisi."

Yule mzee mrefu akashusha kidole, akavuliwa fremu, akainamisha kichwa kama alivyoingia, akatoka akipapasa ukingo wa mlango.

Fundi akaenda nyuma. Jua la mchana lilikuwa limeshaifikia rafu ya tatu, na kijani ni rangi inayopauka upesi. Akapangusa vumbi kwa kitambaa cha lenzi, akavuta pazia, akahakikisha limefika mwisho. Ilikuwa inakaribia saa tisa, basi akafunga duka akaenda kumsikiliza Shangazi.