Shemasi Anakula Majani

Shemasi alipoacha kupanda mapazia, Wynelle Stubblefield alidhani amepata adabu. Alipoanza kuburuta miguu ya nyuma kwenye sakafu ya jikoni, Wynelle aliacha vyombo kwenye sinki, akamfunga ndani ya taulo na kuendesha gari hadi kwa daktari wa wanyama huku aproni ikiwa bado kiunoni.

Shemasi alikuwa posamu: mkubwa kama paka, uso mweupe mrefu, mkia mtupu usio na unywele. Wynelle alimtoa kwenye mfuko wa tumboni mwa mama yake, aliyegongwa na lori kando ya barabara ya kwenda Cullman, wakati huo akienea kwenye kijiko. Alimnywesha maziwa tone kwa tone, akahangaika ofisi hadi ofisi mpaka akapata kibali cha kumfuga. Jina alilipata kanisani. Alilala mahubiri yote ndani ya mkoba wa Wynelle, akaamka pale tu sahani za mchana zilipofunuliwa. Shemasi halisi wa kanisa hilo hakucheka.

Na balaa lilianzia kwenye hizo sahani. Kwenye milima ile ya Alabama, mtu akila mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, ameuaibisha ukoo mzima. Basi Shemasi alikaribishwa na kila mtu, kila Jumapili: ngozi ya kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, mkate wa mahindi uliolowa siagi, pai tamu ya kokwa za pekani. Akanenepa, watu wakamsifu Wynelle kwa malezi mema.

"Mifupa imelainika," alisema Daktari Renfroe, mama mfupi asiye na maneno mengi, akiinua picha ya eksirei kwenye mwanga. "Imekosa kalsiamu. Mnampa nini?"

Wynelle akataja. Alipofika kwenye pai, daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, huyu mnyama amekuwa akila harusi kila wiki."

"Nimemuua?"

"Bado. Sukuma wiki bila chumvi wala mafuta. Yai na ganda lake, ulisage. Dagaa na mifupa yake. Na dawa hii nitakayokupimia. Kingine chochote, hata chembe, hapana. Mlete baada ya wiki sita. Kama hajasimama, itabidi tumchome sindano ya kumlaza moja kwa moja. Kumwacha na maumivu hayo si haki."

Wynelle alilia njia nzima. Alikuwa amemlisha kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumapili iliyofuata alikataa sahani zote zilizomjia Shemasi, ikiwemo ya wifi yake, Lurleen, na mbele ya kanisa zima. Lurleen alinuna papo hapo. Nyumbani, sukuma ilikatwa, maganda yakasagwa, dawa ikapimwa. Wiki ya tatu ikapita. Shemasi hakusimama. Majani aliyanusa na kuyaacha, na bado alipopimwa uzito alikuwa ameongezeka.

Wynelle hakuwa mjinga. Akampigia simu Lurleen.

"Wifi, niambie ukweli. Unampa nini Shemasi?"

"Mimi? Tangu uirudishe sahani yangu hata kivuli changu hakijakanyaga jikoni kwako! Hebu muulize kaka yangu, ndiye unayelala naye."

Verlon? Wynelle karibu acheke. Mumewe alimwita Shemasi panya tangu siku ya kwanza, na mbele za watu hakuwahi kumgusa hata kwa kidole.

Alhamisi mchana alienda mazoezi ya kwaya, akakumbuka njiani kwamba amesahau kitabu cha nyimbo, akarudi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Verlon, mzee wa miaka sitini na mitatu, alikuwa mezani na ovaroli yake, Shemasi magotini. Alichovya kipande cha mkate kwenye mchuzi mweupe wa soseji, akakipuliza kipoe.

"Taratibu, mzee mwenzangu," alinong'ona. "Mama asijue."

"Mama kajua!"

Wynelle alinyakua sahani akaimwaga yote kwenye pipa. "Unamuua, Verlon! Wiki tatu nasaga maganda kama mwendawazimu, kumbe muuaji ninaye ndani!"

Verlon aliangalia mikono yake.

"Ananitazama, Wynelle. Mimi nina soseji, yeye ana majani. Ananitazama tu. Mama yangu hakunilea hivyo. Nilijaribu kugeuza kiti, nikamsikia ananusa."

"Si ulisema ni panya?"

"Ni panya," alisema Verlon, akimvutia Shemasi kifuani. "Ni panya wangu."

Wynelle alikuwa bado na maneno mengi ya kusema. Aliyameza, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Kesho yake adhuhuri alimkuta Verlon amejipakulia mwenyewe: sukuma iliyochemshwa tu, yai, dagaa watatu. Sahani ya pili, ndogo, yenye vitu vilevile, ilikuwa sakafuni.

"Hicho nini?"

"Chakula. Nikila anachokula, hatakuwa na cha kunitazamia."

"Na ganda umekula?"

"Kumbe la kwangu si lazima?"

Wynelle alicheka mpaka akashika meza. Verlon alitafuna kama anayemeza dawa ya minyoo. Chini, Shemasi alimwangalia, akanusa, akaona mezani hakuna cha kungojea. Akala majani yote.

Waliendelea hivyo wiki tatu. Mkanda wa Verlon ulikazwa matundu mawili zaidi. Lurleen alipopita kupatana na wifi yake, alichungulia sahani ya kaka yake na kuuliza amefungwa jela gani.

Asubuhi ya kwenda kwa daktari, Wynelle aliandaa kikapu na taulo. Hakuthubutu kumtazama Verlon, aliyekuwa akimenya yai lake. Ndipo waliposikia kucha zikigusa sakafu.

Shemasi alikuwa ametoka kwenye sanduku lake. Alisimama kwa miguu minne, akayumba, akakaa, akasimama tena. Alivuka jikoni hatua kwa hatua hadi kwenye kiatu cha Verlon, akashika ovaroli, akapanda hadi gotini, akapanda mezani, akachukua yai.

Wynelle aliketi chini palepale, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Alipojifuta uso, alifungua friji na kutoa soseji. "Verlon, leo utakula chakula cha watu. Umestahili."

Verlon alizitazama soseji kwa huzuni kubwa. Akamtazama Shemasi, ambaye alikuwa akimtazama yeye.

"Zifunge kwenye karatasi," alisema. "Nitaenda kuzilia kwa Lurleen."