Mtoto Kimshinde, Bibi Akiweze

...na bado hajamaliza, Mkurugenzi akishika kipaza sauti hakiachi mpaka kimwombe radhi, "wazo hili tulilibuni sisi uongozi," anasema, sisi nani, baba, siku ile nilipokuletea mchoro si uliniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya, haya, sema, mimi kidole kiko hapa juu ya kitufe cha kijani, nasubiri amri niwashe mashine ya vifuniko, na macho hayatoki kwa mama, kiti cha mbele, mkoba magotini, kichupa mkononi, kimoja cha vile vya majaribio tulivyowagawia wageni, tumetia peremende badala ya vidonge, na yeye kakishika kama mali ya watu, kifuniko hakigusi, anaogopa, naogopa na mimi, maana vidole vyake vilivyopinda ndivyo vilivyonileta hapa, vifuniko vya dawa vilimshinda, akawa anaacha chupa wazi kabatini, na mwanangu akapanda kigoda... ile harufu ya hospitali, mpira puani kwa mtoto, mama kwenye benchi anarudia "nimemuua mjukuu wangu," hakumuua, yuko darasa la tatu sasa, mdomo kama cherehani, lakini tangu siku ile nilitaka kifuniko kimoja tu, mtoto kimshinde, bibi akiweze, basi, kitu gani hicho, kumbe ni miaka mitatu, michoro, vikao, kalibu ya kwanza ya kumiminia plastiki, na sisi mafundi kujijaribia wenyewe kwa wenyewe karakanani, mia kwa mia, hongera, hongera, kumbe tumekifungua mara elfu mikono imekikariri, nikampelekea mama, akakizungusha, akakibonyeza, akakirudisha mezani polepole, "labda kwa wenye nguvu, mwanangu," na tangu hapo hagusi, hata hiki cha kalibu ya pili, niliyoipigania kwa machozi, watoto wa chekechea kimewashinda wote, wazee thelathini pale zahanati wamekifungua ishirini na wanane, yeye akasema "sipangwi foleni moja na chekechea mimi"... "subira yavuta heri," anasema Mkurugenzi, subira ipi, si wewe uliyetaka tuuze kile cha kwanza, "wazee watazoea," nikakwambia kilichomshinda mama yangu hakitoki mlangoni, ukanuna wiki mbili, nikajua kazi imeota mbawa... ngoja, mama anafanya nini, anamtazama Mkurugenzi, hotuba imemchosha kama sisi sote, kidole gumba chake kimejishukia chenyewe, kimebonyeza, kimezungusha, na kifuniko kiko kiganjani, Mungu wangu, hajui, hajui kama amefungua, anatoa peremende, anatia mdomoni, anafunga, "...hatua kwa hatua," mzee anaendelea, endelea, baba, sema ni lako, chukua wazo, chukua na makofi, mimi nimeweza, nimeweza jamani, mama anafungua tena, ya pili hiyo, na daktari alishamkataza sukari, kula, mama, kula.