Udongo wa Juu Hauuzwi

Dada alipofika shambani kwa mama yao na kuona udongo mwekundu mahali palipokuwa na mweusi, alijua kaka yake ameanza kuuchimba bila kumwuliza. Kona nzima ilikuwa imechunwa. Lori la kwanza lilishaondoka limejaa. La pili lilikuwa kando, likisubiri zamu yake, na katapila lilinguruma katikati ya mabua.

Kaka mtu, ambaye ukoo mzima ulimwita Bosi tangu utotoni kwa kupenda kuamuru, alimjia akitabasamu.

"Mdogo wangu, usinitolee macho. Hoteli mpya inataka udongo wa bustani. Shamba halihami, linabaki hapahapa. Tunawapa vumbi tu."

"Vumbi?"

"Udongo si ni udongo tu! Ukitoa wa juu, chini upo mwingine, tena tele."

Dada alikuwa mtaalamu wa udongo. Miaka nenda miaka rudi alikuwa maabara, akilowesha udongo wa watu na kuufikicha kati ya vidole ili ajue una mchanga kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani. Nyumbani walimtania kwamba amesoma weee, mwisho wake kuchezea matope. Siku zote alicheka nao. Siku hiyo meno hayakuonekana.

Alichukua dumu la maji lililokuwa karibu na lori, akamwaga nusu kwenye udongo mweusi. Ukayanywa yote, kimya, kama mtu aliyetoka safari. Nusu nyingine akaimwaga pale palipochunwa. Maji yakatuama, yakatafuta mteremko, yakaanza kukimbia na rangi nyekundu.

"Mvua ikija itafanya hivyohivyo," alisema. "Chini huko ni mfinyanzi mtupu, umeshikana, hauna vinyweleo vya kupitisha maji wala hewa. Mzizi utapenya wapi? Huu mweusi ulikuwa mwamba, kaka. Jua na mvua vikaumega kidogokidogo, mizizi ikaupasua, majani yakaoza ndani yake, nyungunyungu wakauchanganya. Kazi hiyo ilianza kabla babu wa babu yetu hajazaliwa. Wewe umeipakia kwenye lori asubuhi moja."

Bosi alipiga makofi. "Somo zuri, mwalimu. Dereva, endelea!"

Katapila lilishusha beleshi lake. Dada akavua viatu, akavishika mkononi, akapanda na kuketi ndani ya beleshi, miguu ikining'inia nje. Alikaa kama yuko sebuleni kwake.

Dereva wa katapila akazima mashine. "Bosi, mimi nimeitwa kuchota udongo. Kuchota watu hatukukubaliana."

"Shuka!" Bosi alifoka. "Umeolewa, una kwako. Shamba hili linakuhusu nini?"

"Kwa mama yangu ni kwangu. Tumetoka tumbo moja mimi na wewe. Kama unataka kuniondoa, njoo uniondoe mwenyewe."

Makelele yalimtoa mama yao nyumbani. Alikuja polepole, mkono kiunoni, akasimama mbele ya ile kona nyekundu.

"Uliniambia unasawazisha," alimwambia mwanawe.

"Mama, si ndiyo kusawazisha kwenyewe..."

"Nyamaza." Akamgeukia binti yake. "Nisogezee nafasi."

"Mama, magoti yako!"

"Magoti ni yangu, shamba ni langu. Nivute."

Wakaketi wawili ndani ya beleshi, bega kwa bega. Dereva wa lori aliangua kicheko, kisha akafunga mlango wa nyuma na kuondoka na lori tupu. Bosi alibaki akipigia simu watu wa hotelini, akiomba radhi kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Udongo uliokwenda haukurudi. Ulishatandazwa chini ya maua ya wageni. Dada alililia jambo hilo mara moja tu, jikoni, kisha akaenda kuomba samadi kwa majirani. Kila alipopata likizo alirudi kwenye ile kona. Alipasua mfinyanzi kwa uma wa shamba, akachanganya samadi, akafunika kwa nyasi kavu, akapanda kunde. Za mwanzo zilidumaa, njano tupu. Akazikatia humohumo zioze, akapanda nyingine.

Bosi, aliyekuwa amemnunia msimu mzima, siku moja alisimama mpakani.

"Hivi utamaliza lini?"

"Simalizi. Wajukuu wetu nao hawatamaliza."

"Sasa unajisumbulia nini?"

Alijifuta jasho kwa kiwiko. "Kwa sababu hukunishinda. Leta toroli au nenda zako, unanizibia njia."

Bosi akakohoa, akaenda zake. Dada hakumtazama. Samadi ilikuwa bado nyingi, na wingu lilishaanza kutanda.