Helmeti ya Malakai

Bibi yangu Arlys aliwatangazia waumini wenzake kanisani kwamba nakwenda chuo kikuu kuchukua shahada ya pili ya kuwakimbiza watu wanene. Simlaumu sana. Jina la kazi yenyewe, mkufunzi wa wanamichezo, linapotosha. Ukilitamka tu, watu humfikiria yule kijana wa jimu mwenye filimbi shingoni. Nimechoka kueleza kwamba nataka kuwa yule anayekimbilia uwanjani mchezaji akianguka, amfunge kifundo, amtazame machoni, kisha aamue kama anarudi mchezoni au harudi.

"Kwa hiyo ni nesi," Bibi akasema asubuhi ya usaili.

"Si nesi, Bibi."

"Basi kocha."

Kaka yangu Nels akacheka mpaka kahawa ikampalia. "Mwache, Bibi. Mwaka jana walimuuliza swali moja akawa bubu. Mwaka huu akitaja hata jina lake, tumeshinda."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Mwaka jana Profesa Whitcomb aliniuliza kwa nini naitaka kazi hii. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, wakaninyima nafasi. Mtu haruhusiwi kuomba mara ya tatu. Leo ilikuwa kufa au kupona.

Kabla ya usaili waombaji hupelekwa kutazama mazoezi ya mpira, huu wetu wa Kimarekani, wa kubeba mkononi na kukumbana. Ilikuwa Aprili na theluji ilibaki pembezoni tu mwa uwanja. Beki mmoja, pande la mtu aitwaye Malakai Fonua, aligongana na mwenzake, akaanguka, akainuka, akaenda kujipanga kwenye mstari. Mstari wa wapinzani! Wenzake wakavunjika mbavu kwa kicheko.

Bi Roberta, mtabibu wa timu mwenye kazi ile ninayoitaka, hakucheka. Alimwita pembeni, akamwambia avue helmeti, akaichukua. Ndivyo tunavyofanya: aliyegongwa kichwa hunyang'anywa helmeti, maana ukimwachia, ukigeuka tu keshaingia tena. Hajamaliza kumpima, mchezaji mwingine akapiga yowe ameshika goti.

Bi Roberta akanisukumia helmeti mimi niliyekuwa karibu. "Unaitwa nani?"

"Solveig."

"Kaa naye, Solveig. Usimwache peke yake. Na hiyo usimpe mtu yeyote isipokuwa mimi. Akibadilika hata kidogo, niite."

Akakimbia. Malakai akanitolea tabasamu la kuyeyusha siagi. "Dada Solveig, jina zuri hilo. Nipe basi helmeti yangu."

"Sikupi."

"Naishika tu. Inasikia baridi, maskini."

"Ikisikia baridi nitaivalisha koti. Kaa chini."

Akakaa. "Kwani mechi inaanza saa ngapi?"

"Leo hakuna mechi. Ni mazoezi."

"Ahaa."

Mara nikaitwa kwenye usaili. Bi Roberta alikuwa bado ameinamia lile goti. Nikampigia kelele kwamba naingia ndani na mgonjwa wake, naye akainua kidole gumba. Tukapanda ngazi polepole, na huko ngazini Malakai akaniuliza tena mechi inaanza saa ngapi.

Profesa Whitcomb alitutazama juu ya miwani yake, mimi na helmeti mapajani, Malakai kwenye kiti kilichokuwa kikilia kwa uzito wake.

"Na huyu naye anaomba nafasi?"

"Hapana, Profesa. Nimeambiwa nikae naye."

"Si angesubiri nje?"

"Hawezi kuachwa peke yake."

Profesa akashusha pumzi. "Haya. Kwa nini unaitaka kazi hii?"

 Mwiba ni uleule wa mwaka jana, mahali ni palepale. 

"Dada," Malakai akasema, "kwani mechi inaanza saa ngapi?"

Nikageuka. Alikuwa amekunja uso kuukimbia mwanga wa dirisha, na rangi imemtoka.

"Leo ni mazoezi, Malakai."

"Basi nipe helmeti."

"Sikupi." Nikamgeukia Profesa. "Ameniuliza hilo uwanjani, akaniuliza ngazini, na sasa mwanga unamuumiza. Maswali yangoje. Mpigie simu Bi Roberta aje na daktari."

"Binti, huu ni usaili wako."

"Najua!" Sauti ilitoka, na ilipotoka haikukubali tena kurudi ndani. "Kaka yangu aligongwa hivihivi akiwa sekondari. Watu wakamcheka, wakampigapiga mgongoni, wakamrudisha uwanjani. Hakuna aliyemnyang'anya helmeti. Alikaa mwaka mzima kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa, hata kusoma hawezi. Umeniuliza kwa nini, Profesa. Ndiyo hiyo. Sasa piga simu."

Akapiga.

Daktari alikuja na wasaidizi, Bi Roberta akiwa bado na lile goti. Walipomchukua Malakai alikuwa anauliza kama tumeshinda. Alipona vizuri, na mpaka leo huniita Mwizi. Lakini saa ile nilibaki nimesimama na helmeti yake, nikiwaza kwamba nimemfokea profesa mzima.

"Sina swali jingine," Whitcomb akasema. "Masomo yanaanza Juni, usichelewe. Na hiyo helmeti nitamrudishia Roberta mwenyewe. Nipe."

Nikaikumbatia. "Samahani, Profesa. Nimeambiwa nisimpe mtu."

Akacheka mpaka akavua miwani.

Nyumbani Bibi alikuwa ameoka bakuli kubwa la nyama na viazi. "Wamekuchukua! Kwani umefanya nini huko?"

"Nimeshika helmeti."

"Shahada ya pili ya kushika helmeti?" Bibi akapiga makofi. "Kanisani nitawaambia nini mimi?"

Nels hakucheka. "Mwenye helmeti alikuomba umpe?"

"Mara nyingi."

"Kwa upole?"

"Kwa upole sana."

"Mimi siku ile ningekulilia, Solveig. Ningekutukana."

"Najua."

"Na usingenipa."

"Nisingekupa."

Akavuta sahani yangu, akanipakulia mimi kwanza. Tangu tuzaliwe hajawahi.