Onyo Alilolizima Herieth

Mwaka 2014, ukungu wa Kasulu ulikuwa na tabia ya kuingia ofisini bila hodi, na Herieth aliupenda. Alikuwa mhandisi kutoka Same, aliyeletwa hospitalini kutengeneza kisanduku cha joto cha watoto njiti. Programu ya kukiendesha aliiandika mwenyewe. Ikikosea, mtoto ataungua. Kwa hiyo aliikabidhi kwa kikaguzi, programu nyingine iliyosoma maandishi yake bila kuyaendesha, ikifuata kila njia kama mtu anayepita vijia vyote vya vilima vya Uha, hata vilivyoota nyasi.

Kikaguzi kikalalamika: joto la mtoto laweza kutumika kabla halijapimwa.

Herieth alicheka. Labda mtu awashe mashine waya wa kupimia ukiwa umechomolewa, na nani angeuchomoa? Akalizima onyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hizi mkuu aweza kuwa programu.

Kesho yake mtoto wa Aline, mkulima wa Munanila, alilazwa kisandukuni. Mvua ilinyesha taratibu, mashine ikanguruma kwa upole, Herieth akasinzia kwenye benchi la wodi akiota vijia vya nyasi.

Umeme ukakatika. Muuguzi Winifrida hakushtuka. Alichomoa waya wa kupimia, akamweka mtoto kifuani kwa Aline, akawafunga kitenge.

"Ndiyo kawaida yetu, dada. Kifua cha mama hakikatiki umeme. Ukirudi tunamrudisha, waya tunachomeka akishatulia."

Herieth aliamka sawasawa. Kile kijia cha nyasi, kumbe hapa kilipitwa kila siku.

Taa zikawaka. Winifrida akamnyanyua mtoto.

"Usimrudishe!" Herieth aliingiza mkono wake kisandukuni badala ya mtoto. Joto likapanda, likazidi kupanda, mpaka akautoa mkono kwa maumivu.

"Kimeharibika?" Aline aliuliza.

"Hapana, mama. Programu ya kukikagua ilinionya, nikainyamazisha. Nisamehe."

"Imana ishimwe," Aline alimshukuru Mungu, akambana mwanawe.

Alasiri Herieth aliyarudisha maonyo yote aliyowahi kuyazima, akayasoma moja moja, akarekebisha. Kikaguzi kiliponyamaza chenyewe, alirudi wodini, akachomoa ule waya wa kupimia, akawasha mashine, akaingiza tena ule mkono ulioungua.

King'ora kililia. Kisanduku kilibaki baridi. Herieth naye akalia, mkono ukiwa bado mle ndani.