Visogo Sita

Kijiti cha kuzuia mimba kilichokuwa chini ya ngozi ya mkono wangu wa kushoto kilikuwa kinaisha muda wake Jumatatu, saa tatu asubuhi. Muuguzi wa kliniki aliiandika tarehe hiyo kwenye kadi yangu miaka mitatu kabla, na mbele yake akaacha nafasi ya kujaza: kutolewa na kuwekwa kingine, au kutolewa tu. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nafasi hiyo, yenye upana wa sentimita nne, ilitugawa mimi na mume wangu kwa wiki sita.

Yeye ni mwokaji mikate. Mimi ni mpima ardhi. Tulikuwa na watoto watano, naye alitaka wa sita. Mimi sikutaka, lakini naomba ieleweke kwamba sikukataa kwa hasira wala kwa uchovu. Nilikataa kwa ramani. Niliichora nyumba yetu kwa skeli ya moja kwa hamsini, nikaweka kila kitanda, kila kabati na kila mlango unavyofunguka, nikathibitisha kwamba kitanda cha sita hakiingii. Kinazidi kwa sentimita kumi na nne.

"Mtoto hazaliwi na urefu wa kitanda, mama watoto," mume wangu alisema akiitazama ramani juu chini.

"Atafika huko."

"Akifika, Kiranja atakuwa ameshaolewa."

Kiranja ni binti yetu wa kwanza, wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa anafuta meza. "Mimi siolewi kwa ajili ya sentimita kumi na nne," alisema, akaendelea kufuta.

Kampeni ya mume wangu haikuwa na takwimu hata moja. Alikataa kumwita mtoto wetu wa mwisho Kitinda, jina ambalo nyumba nzima ilishalizoea, kwa hoja kwamba ni kumfungia mtu mlango kabla hajabisha hodi. Siku moja alileta sahani ya maandazi sita, matano yamechorwa nyuso za watoto kwa kisu, la sita halina uso. Akaliweka mbele yangu. Pilipili, wetu wa nne, akalichukua akalila. Mume wangu aliitazama sahani kama mtu aliyefiwa.

Hali ilikuwa hivyo hadi Jumamosi, siku mbili kabla ya kliniki.

Kila Jumamosi asubuhi mume wangu huwapeleka watoto kwenye bwawa la kuogelea la umma kwa baiskeli yake ya mikate. Ina magurudumu matatu, na mbele ina sanduku lililogawanywa vyumba sita. Siku za kazi kila chumba hubeba trei moja. Jumamosi hutoa trei. Watoto watano hukaa vyumba vitano, na cha sita hubeba mataulo. Mume wangu hahesabu. Kwa miaka kumi na minane amepakia mikate kwa namna moja tu: anapitisha mkono kutoka kushoto kwenda kulia, na mkono ukigusa kitu katika kila chumba, anafunga komeo na kuondoka. Hajawahi kupunjika wala kumpunja mteja. Nilimwoa, au tuseme nilikubali kuolewa naye, kwa sehemu kwa sababu ya mkono huo.

Siku hiyo walirudi saa sita na dakika tano. Nilikuwa na michoro ya kiwanja cha mtu mezani, na maji ya moto tayari bafuni. Dawa ya bwawa hukausha nywele, kwa hiyo tuna utaratibu: watoto hupanga mstari kwa urefu, kichwa chini, mimi napaka sabuni, nasugua, namwaga maji, nasema "anayefuata". Sioni nyuso. Naona visogo. Kwa kawaida kazi hiyo inachukua dakika ishirini. Siku hiyo ilichukua ishirini na nne, nikajua hilo kwa sababu nilitazama saa, na nikaamini Pilipili alikuwa na mchanga.

Wakati nasugua, nilisikia mtu akiimba ndani ya povu. Nilifurahi. Nikafikiri, kumbe kuna mmoja wetu ana sauti.

Kiranja akapanga sahani, maana ndiyo kazi yake, naye hupanga kwa kutazama waliopo. Supu ikatosha. Mkate, katika nyumba ya mwokaji, haujawahi kuwa tatizo. Mayai nilichemsha saba, moja kwa kila mtu, kama kila Jumamosi. Nilipofika mwenyewe mezani, bakuli la mayai lilikuwa tupu.

"Umekula mawili," nilimwambia mume wangu.

"Nimekula moja."

"Baba watoto, nilichemsha saba."

"Basi ulichemsha sita."

Hili halikuwezekana, nikamwambia hivyo. Wakili, mtoto wetu wa pili, aliweka kijiko chini. Ana miaka kumi na mmoja na hajawahi kuiacha kesi ipite mbele yake. "Kuna shahidi aliyemwona baba akila la pili?" aliuliza. "Kama hakuna, naomba mtuhumiwa aachiwe."

"Maganda," nilisema. "Kila mtu aonyeshe maganda yake."

Tukahesabu. Mafungu ya maganda yalikuwa saba, na mimi sikuwa na fungu. Nilihesabu tena kutoka upande wa pili, kama ninavyofanya kazini nikipata jibu nisilolipenda. Saba. Ndipo nikaacha maganda nikahesabu watu.

Baina ya Kati, mtoto wetu wa tatu, na Pilipili, alikaa msichana wa miaka kama minane, amevaa gauni la zamani la Kiranja, nywele zimechanwa vizuri, jino moja la mbele halipo. Aliona namtazama.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," nilijibu, maana mdomo wangu umelelewa vizuri kuliko akili yangu. Kisha nikauliza, "Wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi ni wa sita."

Mume wangu aligeuka mweupe kama unga wake.

"Wa sita wa nani?"

"Wa kwetu. Tuko wanane." Akanyoosha mkono akachukua mkate.

Yaliyofuata niyaseme kwa ufupi. Mume wangu alisimama, akakaa, akasimama, akavaa kofia ya kazini. Wakili alieleza kisheria tofauti ya kuiba mtoto na kumkaribisha. Kitinda alianza kulia kwa kuwa wengine walisimama. Kabla mume wangu hajafika mlangoni, tulisikia hodi.

Alikuwa mwanamke mnene, ametulia, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Ni fundi cherehani, na mlinzi wa bwawa alikuwa amemwambia aifuate baiskeli ya mikate.

"Mara ya kwanza nilihesabu nikapata saba, nikasema nimekosea," alitueleza, akikaa bila kuombwa. "Mara ya pili nikasema mmoja yuko chooni. Mara ya tatu nikavaa viatu."

"Dada, tunaomba radhi," mume wangu alisema. "Sijui nikuambie nini. Mkono wangu..."

Fundi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amemvuta binti yake na kumnusa utosini. "Mmemwosha kichwa?"

"Ndiyo," nilisema.

"Kwa sabuni?"

"Mara mbili."

"Na chakula amekula?"

"Yai langu," nilisema.

Akatutazama mmoja mmoja. "Basi wiki ijayo nitawaletea wale saba," alisema, akacheka hadi utepe ukaanguka. Akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Saa ilikuwa nane na dakika arobaini na tano. Mtoto wa watu alikuwa amekaa kwetu saa mbili na dakika arobaini.

Jumapili asubuhi nilimfuata mume wangu kwenye chumba cha kuokea, nyuma ya nyumba. Jumapili haoki, husafisha meza ya kukandia unga. Nilikuwa sijalala vizuri, na si kwa majuto. Nilikuwa nimejaa furaha ya ajabu, ile ninayoipata mpaka wa kiwanja unapokubaliana na vipimo.

"Nimebadilisha msimamo," nilimwambia. "Tumepata jaribio kamili. Tulikuwa na mtoto wa sita. Kuoga kuliongezeka dakika nne. Supu ilitosha. Kiti kilipatikana. Upungufu ulikuwa yai moja, na yai linachemshwa. Jumatatu natoa kijiti, siweki kingine."

Mume wangu aliacha kusugua. "Mimi pia nimebadilisha," alisema. "Watano wanatosha."

"Unasemaje?"

"Nimebeba mtoto wa mtu kama trei, mama watoto. Kama nimeongeza mmoja nisijue, siku moja nitapunguza mmoja nisijue. Huo ni mwisho. Weka kijiti. Weka viwili."

Tukabishana kwa nusu saa, na nakiri kwamba sijawahi kufurahia ugomvi kama ule. Alinitolea ramani yangu mwenyewe. Alikuwa ameitundika ukutani, akanionyesha zile sentimita kumi na nne kwa kidole chenye unga. Mimi nikamwambia mtoto hazaliwi na urefu wa kitanda. Akaniambia atafika huko. Nikamwambia Kiranja atakuwa ameolewa. Hapo tukaishiwa nguvu, tukaegemea meza, tunacheka, machozi yanatiririka, kila mmoja akiwa amekamata hoja za mwenzake kama watu waliobadilishana mizigo stendi.

"Sasa nani yuko sahihi?" aliuliza alipopata pumzi.

"Hatujui. Nafasi tumeipima. Macho hatujayapima."

Nilichukua karatasi mbili za kufungia mikate nikampa moja. Sharti lilikuwa hili: kila mmoja aandike majina ya watoto watano, na mbele ya kila jina jambo moja ambalo mtoto huyo alilifanya jana, jambo aliloliona kwa macho yake. Yasiwe ya kila siku. Ya jana tu. Kama tunawaona wote watano, labda tuna macho ya kumwona wa sita.

Tuliandika tumepeana migongo. Kisha tukaweka karatasi pamoja, moja ikijaza pengo la nyingine.

Kiranja: kiatu kinambana, anachechemea na hasemi. Wote wawili tulilijua. Wakili: alimbishia mlinzi wa bwawa kuhusu muda hadi akaongezwa dakika kumi. Pilipili: aliing'ata kofia ya mpira ya kuogelea ikapasuka. Kitinda: alifunga kitufe mwenyewe kwa mara ya kwanza, cha pili kutoka juu, katika tundu la tatu.

Mbele ya jina la Kati, karatasi ya mume wangu ilikuwa wazi. Kwenye yangu niliandika "alikula", nikaifuta, kwa kuwa kila mtu alikula.

"Na hii nini?" nilimuuliza. Chini kabisa ya orodha yake kulikuwa na mstari ambao sikuuomba. Aliandika: mgeni, anaogopa mbwa, anapenda kipande cha mwisho cha mkate, kile kigumu.

Nikageuza karatasi yangu. Nyuma nilikuwa nimeandika: mgeni, anaimba akioshwa, ana kovu la kiwiko, jino la mbele limeng'oka juzijuzi.

Tulizisoma karatasi zile upya. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Macho yetu yalitosha watoto watano, na jana tuliwaona watano: wanne wetu na mmoja wa fundi cherehani. Wa sita alipoingia mstarini, Kati alitoka.

"Kamwite," mume wangu alisema.

Kati alikuja na mswaki mdomoni. Ana miaka minane. Hasumbui, haugui, havunji kitu. Ukimtuma anarudi na kile kile ulichomtuma. Nilimuuliza jana alifanya nini.

Alitoa mswaki. "Jana saa ngapi?"

"Saa yoyote."

"Saa nne na robo nilimfundisha yule rafiki yangu kuelea. Anazama miguu kwanza. Nikamwambia aweke masikio ndani ya maji, kichwa kikilala miguu inapanda. Tulijaribu mara kumi na tisa. Ya kumi na tisa akaelea." Alitazama kama tunasikiliza. "Halafu nikamleta kwetu. Nilimuomba baba."

"Mimi?" mume wangu alisema.

"Nilikwambia, baba, huyu ni rafiki yangu, anaweza kuja kula kwetu? Ukasema, haya, panda. Nikaweka mataulo miguuni pangu ili apate chumba. Na mama nikamwambia bafuni, mama, huyu ni mgeni. Ukasema, kichwa chini."

Nilikumbuka sauti ikisema kitu juu ya mgeni. Nilikumbuka pia sabuni mkononi mwangu.

Mume wangu alikaa juu ya gunia la unga. Alinitazama, nikamtazama, na ugomvi wetu ukaisha hapo, bila mshindi na bila kelele.

"Kingine," nilisema. "Kesho naweka kingine."

"Watano," alisema.

"Watano."

Akaanza kucheka tena, kicheko kile cha awali, na mimi nikashikwa nacho, maana nilijisikia mwepesi kama mtu aliyeshushwa mzigo asiojua ameubeba. Kati alitusubiri tumalize, kwa ustaarabu, mswaki mkononi.

"Naweza kuendelea?" aliuliza.

"Kuna zaidi?"

"Hiyo ilikuwa saa nne na robo. Kabla ya hapo nilihesabu vigae vya bwawa."

Mume wangu akasogea, akampisha kwenye gunia. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, na kwa kuwa nilitaka kuipata yote kwa mpangilio, nilimwomba aanzie asubuhi, tangu alipoamka.